Miaka mitatu na draivu ya kanda ya LTO-6 hapa Mtwara: uzoefu wangu

Ofisi yetu ya video iko Shangani, karibu na bahari hadi vioo vya madirisha vinashika chumvi. Harusi na mikutano ndiyo inayotulisha, lakini kazi ninayoipenda ni ya ngoma: sindimba, mapiko, na wazee wa Newala na Tandahimba wanaosimulia mambo yao ya zamani. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele za haki. Diski mbili za nje zilipokufa ndani ya mwezi mmoja, nililia kwa machozi, kisha nikatafuta pesa nikanunua draivu ya kanda iliyotumika, yaani mashine inayohifadhi mafaili ya kompyuta kwenye utepe wa sumaku, kwa bei ya bodaboda kuukuu. Pamoja nayo nilichukua kanda kumi na kanda moja ya kusafishia.

Kwa anayeanza: LTO ni aina ya kanda hizi na namba ni kizazi chake, na kanda moja ya LTO-6 inabeba terabaiti 2.5. Kwenye boksi utaona imeandikwa 6.25, lakini hiyo ni ya data inayobanwa, na video za kamera tayari zimebanwa, kwa hiyo piga hesabu kwa 2.5. Draivu ya LTO-6 inaandika kanda za LTO-6 na LTO-5, na za LTO-4 inazisoma tu. Ukiuziwa kanda za LTO-7 kwa bei nzuri, usichukue, hazitasomeka.

Mwaka wa kwanza sikupata shida yoyote. Balaa lilianza Februari ya mwaka wa pili, wakati wa kaskazi, lile joto la kunata shati mgongoni. Naingiza kanda, mashine inavuta, inanguruma, inasimama, inarudi nyuma, inajaribu tena. Taa ya usafi inawaka rangi ya chungwa. Natia kanda ya kusafishia, taa inazimika, narudisha kanda yangu, baada ya dakika kumi taa imewaka tena. Kanda tatu mfululizo zikagoma kusomeka, mojawapo ikiwa na simulizi za bibi mmoja wa Newala ambaye sitampata tena kumrekodi.

Hapo nilikosea jambo ambalo nataka wengine waliepuke. Nilisafisha kichwa, ile sehemu ya draivu inayosoma na kuandika utepe, mara nne kwa siku moja. Kanda ya kusafishia inakwaruza kidogo, ndiyo kazi yake, na nyingi zinatumika kama mara 50 tu. Ukiitumia ovyo unakila kichwa na unaimaliza kanda yenyewe. Subiri taa iombe. Na taa ikirudi kuwaka kila unapoingiza kanda ileile, mtuhumiwa ni kanda, si draivu. Jaribu kwanza nyingine unayojua ni nzima.

Nilimpigia fundi wa Dar es Salaam. "Dada, kichwa hicho kimekwisha, nitumie kwenye basi nikubadilishie." Pesa aliyotaja ilinikausha mate. Nilikuwa nimeshatafuta boksi la kufungia.

Asubuhi yake nilitoa kanda moja kwenye chumba cha ndani tunachohifadhia kamera, ambako kiyoyozi kilikuwa nyuzi 18 usiku na mchana, nikaileta chumba cha kuhariria kwenye madirisha wazi. Nikaiweka mezani, simu ikaita. Niliporudi, plastiki nyeusi ya kanda ilikuwa imepata ukungu. Nikapitisha kidole, kikaacha mstari wa maji, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nilikaa kwenye kiti. Miezi yote ile nilikuwa nazitoa kanda kwenye baridi na kuzisukuma moja kwa moja ndani ya draivu, kwenye hewa ya Mtwara ambayo wakati huo wa mwaka unyevu wake unaweza kupita asilimia 80.

Ndani ya kile kiboksi kuna utepe wa mita 846 uliozungushwa, mwembamba kuliko karatasi. Ukipata umande, unang'ang'ania kichwa badala ya kuteleza, na vumbi lililokuwa kavu linageuka tope. Ndiyo maana kila nikisafisha ilipona kwa dakika chache tu. Joto peke yake halikuwa tatizo, kwa sababu kanda hizi zinastahimili kazi kuanzia nyuzi 10 hadi 45. Kinachokatazwa ni umande, na unyevu uliozidi asilimia 80.

Nikahamishia draivu na kanda chumba kimoja, kiyoyozi nikakipandisha hadi nyuzi 25. Kanda ikitoka mahali pengine, nailaza saa 24 ndani ya kasha lake lililofungwa kabla ya kuigusa. Siku ya pili nilijaribu zile tatu. Mbili zilisoma mwanzo hadi mwisho. Sauti ya bibi ikatoka, anakohoa kabla ya kuanza kusimulia, nikamwita binti tunayefanya naye kazi aje asikie. Kichwa hakikuwa na ugonjwa wowote.

Ya tatu iliendelea kugoma, draivu inaivuta kisha inaitema. Nikafungua kile kimlango cha pembeni kwa kucha na kumulika kwa tochi ya simu. Mwisho wa utepe una kipini kidogo cha chuma ambacho draivu hukidaka ili kuuvuta nje. Kwenye nzima kinasimama wima, kimebanwa juu na chini na springi mbili. Changu kilikuwa kimeinama. Binti akakiri iliwahi kumponyoka ikaanguka sakafuni, aliona haina ufa akairudisha. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Nilikirudisha taratibu bila kugusa utepe, ikasoma, nikanakili kila kitu kwenye kanda nyingine siku hiyohiyo na ile nikaistaafisha. Kanda iliyoanguka usiilazimishe kuingia, kipini kikipotoka humo ndani kinaweza kuikwamisha draivu yenyewe.

Umeme nao. Natumia LTFS, mfumo unaofanya kanda ifunguke kwenye kompyuta kama folda. Umeme ulikatika katikati ya kuandika, kanda ikakataa kufunguka. Amri ya ltfsck, inayokagua na kurekebisha kanda, iliirudisha, lakini faili la mwisho lilikuwa limekatika nusu. Sasa draivu na kompyuta vyote viko kwenye UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na sitoi kanda kabla ya kuifunga folda vizuri.

Jambo dogo la kasi: ukinakili kutoka diski ya nje ya USB 2.0, data inakuja kidogokidogo wakati draivu inaweza kumeza hadi megabaiti 160 kwa sekunde. Utaisikia inasimama na kurudi nyuma, inasimama na kurudi nyuma, na huko ni kuchosha utepe na kichwa. Hamishia kwanza kwenye diski ya ndani ya kompyuta.

Ningeinunua tena? Ndiyo, bila kusita, kama una video nyingi zisizoweza kurekodiwa upya na una chumba kimoja unachoweza kukitunza. Kwa mwenye picha za harusi mbili tatu kwa mwezi, usumbufu huu haumfai, anunue diski mbili na aziweke nyumba tofauti.

Zile simulizi za bibi sasa ziko kwenye kanda mbili. Moja ipo Shangani. Ya pili nimempelekea shangazi Newala, kule juu kwenye hewa ya baridi kidogo, iko ndani ya kasha lake, kasha ndani ya ndoo yenye kifuniko, uvunguni mwa kitanda chake. Kila nikipanda huko ananiuliza kama nimekuja kumchukua bibi.