Msaada wa dharura wa asasi za mtaani Dar: unapookoa na unapokwama

Huduma tunayoipima hapa ni ile ya hela ya dharura kwa familia iliyobanwa, inayotolewa na asasi ndogo za Dar es Salaam: kamati za huruma za parokia, mifuko ya zaka na sadaka misikitini, na vikundi vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Hatutaji asasi kwa jina. Zinazofanya kazi vizuri huendeshwa na watu wachache wa kujitolea, na foleni ya ghafla inaweza kuzivunja.

Kipimo chetu ni kimoja: je, hela ilifika kabla vyombo havijatolewa nje, au kabla mama hajasaini kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa? Kwa kipimo hicho, kodi ya nyumba inapata alama za juu kabisa, matibabu wastani, na namna ya kutuma hela inapata alama za chini. Hili la mwisho linaudhi kuliko yote, kwa sababu ndilo rahisi kurekebishwa.

Kodi kwanza, maana hapo ndipo shilingi ya asasi inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Wenye nyumba wengi wa Dar hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka mitatu, sita, wengine mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme chumba ni Sh 50,000 kwa mwezi na familia inadaiwa miezi miwili. Deni ni Sh 100,000. Ikitolewa nje, itahitaji chumba kingine: miezi sita Sh 300,000, dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja Sh 50,000, na kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kuhamisha vitu tuseme Sh 30,000. Jumla Sh 380,000, bado watoto hawajahamishwa shule. Kwa hiyo asasi inayolipa Sh 100,000 Jumanne imefanya zaidi ya ile itakayotoa Sh 200,000 mwezi ujao.

Asasi makini hailipi kodi kwa kukisia. Humpigia mwenye nyumba mpangaji akiwa pale pale, huthibitisha deni, kisha humlipa yeye moja kwa moja na kuandikiana: miezi gani imelipwa, na mpangaji atakaa hadi tarehe gani. Usiondoke bila hiyo karatasi. Bila tarehe, mwenye nyumba hupokea deni la nyuma na wiki inayofuata anadai miezi sita ya mbele, na familia inajikuta pale pale. Asasi nyingi zinateleza hapa kwa kufurahia risiti na kusahau makubaliano.

Nyaraka za kwenda nazo si nyingi, ila ikikosekana moja unarudishwa. Beba kitambulisho cha NIDA au namba yake, mkataba wa pango (kama hakuna, ujumbe wa mwenye nyumba wa kudai kodi), bili ya hospitali ikiwa shida ni ugonjwa, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Barua huanzia kwa mjumbe, kisha ofisi ya mtaa, na ofisi hiyo ni ya siku za kazi. Omba iseme tu kwamba wewe ni mkazi wa mtaa huo na kaya yako ina watu wangapi. Shida yenyewe isiandikwe kwa kina. Ile ofisi hupitiwa na majirani zako wote, na mambo ya ndani hayana sababu ya kusomwa kaunta. Ukiambiwa utoe hela ya barua, omba stakabadhi.

Baada ya hapo watu wawili watakuja nyumbani. Wawili ni idadi sahihi, tena tunaisisitiza: mtu mmoja peke yake anaweza kuomba “asilimia yake”, na asiwepo wa kumshuhudia. Wanachopaswa kuuliza ni nani anaingiza hela, nini kimekatika (kazi, ugonjwa, msiba, pikipiki ya hesabu, ile ya kumpelekea mwenyewe hela kila siku, iliyokamatwa), unadaiwa na nani, na lini mambo yatakaa sawa. Kufunua sufuria kuona kama kuna mboga hakuwahusu. Swali la madeni lijibu kwa ukweli wote. Familia nyingi huficha kausha damu kwa aibu, asasi inalipa kodi, kisha Jumatatu hela iliyobaki ya chakula inaliwa na marejesho.

Kuhusu mikopo hiyo, asasi nyingi za Dar bado hazijui zifanye nini. Zingine zinakataa kabisa kulipa deni la kausha damu, zingine zinalifuta lote kwa mara moja. Njia zote mbili zina kasoro. Anza na mkataba na leseni. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, na Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji anayejua kwamba mtu wa asasi amesoma mkataba hulegea mara nyingi: anakubali kupokea kiasi kilichokopwa na kurudisha televisheni au mtungi wa gesi alioubeba. Mifuko ya misikiti ina nafasi nzuri hapa, kwa kuwa mwenye deni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Hajikuti akiomba kwa huruma ya mtu.

Uliza mapema pia kama unachopewa ni msaada au ni mkopo usio na riba. Vyote vipo, na tumeona watu wakivichanganya hadi uhusiano na asasi ukaharibika.

Sasa simu. Hapa hela ya msaada inavuja kila siku na wanaoituma hawajui.

Kwanza, jina. Watu wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, dada au mpangaji wa zamani. Mhasibu akituma anaona jina tofauti, anasitisha, siku tatu zimepotea. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha toa namba iliyo kwa jina lako. Pili, makato. Kama unadaiwa huduma ya kukopa salio la pesa kama Songesha, hela ikiingia tu deni linakatwa. Asasi imetuma Sh 50,000 ya dawa, mgonjwa ameiona ikipungua kabla hajafika duka la dawa. Mwambie mhasibu ukweli, umwombe alipe kwa Lipa Namba ya duka lenyewe. Tatu, ya kutolea. Asasi inayotuma Sh 40,000 kamili kwa deni la Sh 40,000 imemwacha mtu na pengo la ada ya wakala, na kwa mwenye nyumba mkali pengo la elfu moja na kitu ni ugomvi. Tuma na ya kutolea, siku zote.

Nne, matapeli. Tangazo la msaada likishazunguka kwenye magrupu, zinafuata namba zisizojulikana zikidai “hela ya fomu” au “hela ya kufungua faili”. Asasi ya kweli haiombi chochote mbele na haiombi namba ya siri. Ujumbe wa namna hiyo utume kwenda 15040.

Umeme ni jambo dogo lenye mtego wake. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), na tangu Julai 2023 ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita iliyokaa miezi mitatu bila kununuliwa umeme ina Sh 4,500 zinazosubiri. Asasi ikitoa Sh 5,000, zinabaki Sh 500, nyumba inakaa gizani na kila mtu anamshangaa mwenzake. Ulizeni lini umeme ulinunuliwa mara ya mwisho, na piga picha ya namba ya mita yenye tarakimu 11. Kuiandika kwa kuisikia kwenye simu ni kumtumia jirani umeme.

Kwenye matibabu lawama yetu ni ya mpangilio. Asasi zinakimbilia kulipa bili nzima kabla mgonjwa hajapita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Hapo ndipo msamaha wa gharama huombwa kwa asiye na uwezo, na watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wana utaratibu wao. Pita huko kwanza. Hela ya asasi ibakie kwa vile ambavyo msamaha hauvigusi: dawa iliyokosekana dirishani, kipimo cha nje, nauli ya anayeuguza.

Vivyo hivyo ada. Elimu ya shule za serikali haina ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Anayeomba ada ya shule ya msingi ya serikali aulizwe vizuri. Pengine anamaanisha sare, madaftari au mchango wa chakula, na hivyo vinasaidika.

Kifurushi cha chakula kwa watu watano kwa wiki moja kiwe angalau unga kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita 1, sukari, chumvi na sabuni. Kinachosahaulika ni mkaa. Tumeona vifurushi vya maharage makavu vikipelekwa kwa familia isiyo na cha kupikia, na maharage yanakula mkaa kuliko kitu kingine chochote jikoni. Bora zaidi ni asasi kufungua daftari kwa Mangi, mwenye duka la mtaa huo: familia inachukua inachohitaji hadi kiasi fulani, na hakuna anayebeba mfuko wenye nembo mbele ya macho ya mtaa.

Hilo la macho ya mtaa linatuchoma. Kumpanga mama mbele ya unga na kumpiga picha akiwa ameshika mfuko ni kumtoza bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na una haki ya kukataa picha. Asasi ikisema bila picha hakuna msaada, hiyo kwetu inapata sifuri, hata ikitoa kiasi gani. Mfadhili anayetaka ushahidi apewe stakabadhi ya mwenye nyumba.

Usichanganye huduma hii na TASAF. Ile ni ruzuku ya kaya maskini zilizotambuliwa na kuandikishwa, hulipwa kwa awamu, haiwezi kuzima moto wa wiki hii. Aliye kwenye VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) aanze na mfuko wa jamii wa kikundi chake. Hela yake iko karibu na wenzake wanamfahamu.

La saa za kazi ndilo linaloziangusha asasi nyingi. Mwenye nyumba hutoa notisi Ijumaa jioni, ofisi inafunguliwa Jumatatu, kamati inakaa Alhamisi. Zile tunazozipa alama za juu zimempa mtu mmoja ruhusa ya kutoa kiasi kidogo bila kusubiri kikao, na kamati inapitia baadaye. Masika, kati ya Machi na Mei, hata hilo halitoshi: maji yakipanda bonde la Msimbazi, Jangwani na Kigogo wanahitaji godoro na ndoo usiku huo huo, na karatasi zote tulizozitaja hapo juu zimelowa. Kwa miezi hiyo, acha nakala ya kitambulisho na ya mkataba kwa ndugu anayekaa juu ya bonde, na uwe na picha zake kwenye simu ya mtu mwingine.