Korodi ya konventi: lipa mara moja, ule mpaka kufa

Konventi nyingi (nyumba za watawa wa kike) za Uingereza katika karne ya 14 na 15 ziliuza korodi zilipokaukiwa na fedha: mtu alilipa mara moja, akapewa mkate, pombe ya shayiri na mara nyingi chumba, mpaka kufa. Kwa mnunuzi mwenye afya ilikuwa bidhaa nzuri. Kwa muuzaji ilikuwa sumu ya polepole.

Cha kwanza kukagua ni daraja la posho. Posho ya mtawa ilikuwa mkate mweupe na pombe kali. Ya mtumishi, mkate mweusi na pombe nyepesi. Hati nzuri ilitaja idadi ya mikate na galoni kwa wiki, kuni, mishumaa, hata malisho ya farasi. Pombe isiyotiwa hopsi (maua yanayoizuia isichache upesi) ilichacha baada ya siku chache, kwa hiyo kuchukua galoni za wiki nzima kwa mkupuo ilikuwa hasara. Wanandoa walipaswa kuangalia kama posho ya anayebaki imetajwa.

Hati iliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa mawimbi, kila upande ukabaki na kipande chake. Muhuri wa mama mkuu peke yake haukutosha. Ulitakiwa ule wa konventi nzima. Kipengele bora kuliko vyote, kilipokuwapo, kilimruhusu mnunuzi kukamata mali ya shamba fulani posho ikichelewa. Kibali cha askofu nacho: William Alnwick wa Lincoln, aliyezikagua konventi katika miaka ya 1430 na 1440, alikataza kuuza korodi bila ruhusa yake.

Kasoro kubwa imo kwenye hesabu za konventi zenyewe. Kwa kawaida zilifungwa sikukuu ya Mikaeli, 29 Septemba, na zilimpima mhasibu: amepokea nini, ametoa nini, anadaiwa nini. Faida hazikuipima. Tuseme korodi imeuzwa pauni 20, na posho inagharimu pauni 2 kwa mwaka. Zile 20 ziliingia kama mapato, zikalipa madeni ya nafaka, zikaisha. Mwaka wa 11 mlaji bado yuko mezani, na hakuna mstari wowote uliokuwa umeonyesha mzigo huo. Basi inauzwa korodi nyingine.

Ndiyo maana bei rahisi mno ilikuwa dalili mbaya, hasa malimbikizo ya madeni yakikua kila Mikaeli. Konventi zenye mapato ya chini ya pauni 200 zilipofungwa kwa sheria ya 1536, madai ya korodi yalipelekwa kwenye ofisi mpya ya mfalme iliyoshika mali zao. Huko kilichohitajika ni kile kipande cha ngozi chenye muhuri.