Shahada ya Uzamivu ya Uuguzi wa Usingizi Nchini Marekani: Tathmini ya Aliyeisoma

Tangu tarehe 1 Januari 2022, mtu anayeanza masomo ya uuguzi wa usingizi, yaani kazi ya kumpa mgonjwa dawa ya usingizi au ganzi wakati wa upasuaji, nchini Marekani hana budi kuyaanza katika programu ya shahada ya uzamivu. Uamuzi huo ni wa COA, baraza linalotoa ithibati kwa programu hizo, na umefunga njia ya shahada ya uzamili ambayo wengi waliotutangulia katika thieta za nchi hii waliipitia. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wauguzi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, hasa wale wanaofanya kazi katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya Marekani na wanaojiuliza kama shahada hiyo inastahili fedha na miaka inayodai. Nimeisoma, nimeimaliza, na ndiyo inayonipa riziki. Chuo changu sitakitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasifu na kuyalaumu nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma katika majimbo mengine.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Mafunzo ya kumlaza mgonjwa, kumlinda wakati wa upasuaji na kumzindua salama ni bora sana, na hayo ndiyo yanayostahili gharama. Masomo yaliyoongezwa juu yake ili shahada iitwe ya uzamivu yana ubora unaotofautiana mno kati ya chuo na chuo, na katika vyuo vingi ni hafifu kuliko ada yake. Anayechagua chuo na akipime kwanza kwa thieta atakazopelekwa, kabla hajavutiwa na herufi zitakazofuata jina lake.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko shahada zake. Alice Magaw, muuguzi aliyefanya kazi na madaktari wa upasuaji wawili, ndugu wa ukoo wa Mayo, huko Minnesota, alichapisha mwaka 1906 taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliopewa nusu kaputi bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa hiyo. Mwaka 1931 Agatha Hodgins aliwakusanya wauguzi wa usingizi wakaunda chama chao cha kitaifa. Kwa miongo mingi mafunzo yalitolewa hospitalini kwa cheti tu, na ni mwaka 1998 ndipo programu zote zilipotakiwa ziwe za ngazi ya uzamili. Mwaka 2007 chama hicho kilitangaza kwamba kinaunga mkono uzamivu kuwa sharti la kuingia katika taaluma ifikapo 2025, na COA ikaweka utaratibu wa kufika huko.

Muda wa masomo ni miaka mitatu kamili kwa uchache, na programu nyingi humzuia mwanafunzi kufanya kazi ya mshahara au humshauri kwa nguvu aiache. Kabla ya hapo mwombaji awe na shahada ya kwanza, leseni ya uuguzi, na uzoefu usiopungua mwaka mmoja katika uangalizi wa wagonjwa mahututi, ingawa wanaochaguliwa kwa kawaida wana zaidi ya huo. Sharti hili la uzoefu ni la haki kabisa. Aliyezoea kusoma shinikizo la damu kutoka kwenye mshipa wa ateri, kurekebisha dawa za kupandisha presha dakika kwa dakika na kumtazama mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia huingia darasani akiwa na macho yaliyokwisha kufunzwa, na wahadhiri wazuri hujenga juu ya msingi huo tangu juma la kwanza.

Sasa nifike kwenye moyo wa shahada yenyewe. COA hudai mwanafunzi afanye saa zisizopungua 2,000 za mafunzo ya vitendo na ashiriki katika upasuaji wa wagonjwa wasiopungua 600, na idadi hiyo imegawanywa kwa makundi: watoto wachanga na wadogo, wazee, wajawazito, upasuaji wa kichwa, wa kifua na wa moyo, wagonjwa wa dharura, ganzi ya uti wa mgongo na ganzi ya mishipa ya fahamu. Mgawanyo huu una sababu nzito. Koo la mtoto wa miezi michache halifanani na la mtu mzima, na akiba yake ya oksijeni huisha upesi zaidi. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua hufika huku njia yake ya hewa imevimba na tumbo lake halichukuliwi kuwa tupu. Mzee mwenye valvu ya moyo iliyobana anaweza kuporomoka kwa kipimo kilekile cha dawa ambacho kijana angekistahimili bila taabu. Haya husomwa kitabuni, lakini huingia mkononi pale tu unapoyafanya mbele ya mwalimu aliye tayari kukuacha ufanye na aliye tayari kukuzuia.

Katika hilo, mafunzo niliyoyapata yalikuwa ya hali ya juu. Wauguzi wa usingizi na madaktari bingwa walionisimamia walinifundisha kuandaa mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu kabla mgonjwa hajafikishwa mezani, na kuusema kwa sauti ili kila aliyemo thieta ausikie. Walinidai nieleze kwa nini nimechagua dawa hii na si ile, kwa kipimo hiki, kwa mgonjwa huyu. Mwanzoni ukali wao ulinichosha. Baadaye nilielewa kwamba muuguzi atakayekuwa peke yake usiku katika hospitali ndogo ya mashambani hatakuwa na mtu wa kumwuliza. Hospitali za namna hiyo ni nyingi Marekani. Tangu mwaka 2001 sheria za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, zimeyaruhusu majimbo kujiondoa katika sharti kwamba muuguzi wa usingizi asimamiwe na daktari. Iowa lilikuwa la kwanza, na mengine mengi yamefuata.

Lakini hata katika sehemu hii iliyo bora, vyuo havifanani, na tofauti kubwa huletwa na hospitali ambamo wanafunzi hupelekwa. Katika hospitali kubwa za kufundishia, wanafunzi wa uuguzi hushindana na madaktari wanaosomea ubingwa wa usingizi ili wapate wagonjwa, na mara nyingi ganzi za mishipa ya fahamu pamoja na upasuaji mgumu wa moyo huenda kwa hao madaktari. Mwanafunzi anaweza kutimiza idadi ya kundi fulani kwa shida huku mwenzake wa chuo kingine, anayepelekwa katika hospitali isiyo na ushindani huo, akifanya mara nyingi zaidi ya kinachodaiwa. Hili ndilo swali ambalo ningemsihi kila mwombaji aliulize kwenye usaili, tena awaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwa peke yao: nani huchoma ganzi hizo, wewe au mtu mwingine? Aulize pia kama masomo ya darasani hutangulia yote kisha thieta ikafuata, au kama viwili hivyo huchanganywa. Mimi naona ni heri kuchanganya mapema, kwa sababu famakolojia iliyosomwa asubuhi na kuonekana kwa mgonjwa kesho yake haisahauliki.

Kwa bahati njema, mwombaji halazimiki kutegemea maneno ya vyuo. COA huvitaka vichapishe hadharani kiwango cha wanafunzi walioacha au kuachishwa masomo, kiwango cha waliofaulu mtihani wa taifa wa NBCRNA, bodi inayowapa wauguzi wa usingizi vyeti, kwa mara ya kwanza, na kiwango cha waliopata ajira ndani ya miezi sita. Takwimu hizi tatu zisomwe pamoja. Chuo kinachojivunia ufaulu mkubwa huku kikiwa kimewaondoa wanafunzi wengi njiani kimewaachia deni watu wasio na shahada, na katika tathmini yangu hilo ni doa zito.

Nije kwenye nyongeza ya uzamivu. Shahada hizi ni za aina mbili kuu: DNP, inayotolewa chini ya shule za uuguzi, na DNAP, inayolenga taaluma ya usingizi peke yake. Zote mbili ni shahada za utendaji, tofauti na PhD, ambayo hukamilishwa kwa tasnifu inayoleta maarifa mapya. Mwongozo wa DNP uliotolewa mwaka 2006 na chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, ulitaja nguzo nane, miongoni mwake uongozi wa mifumo ya afya, matumizi ya ushahidi wa kisayansi, teknolojia ya habari, sera za afya na afya ya jamii. Nguzo hizo ni njema zote. Muuguzi anayejua kusoma utafiti kwa jicho la uhakiki na kutambua kwamba hitimisho lake limezidi ushahidi wake ni muuguzi salama zaidi kwa mgonjwa, na somo la takwimu lililofundishwa vizuri ni miongoni mwa masomo ninayoyatumia hadi leo.

Taabu iko katika ufundishaji. Masomo mengi ya uongozi na sera niliyoyapata yalikuwa ya mtandaoni, ya kuandika maoni kila juma na kuwajibu wenzako wawili ili upate alama, na mhadhiri akiyapitia kwa mbali. Hapakuwa na mjadala wa kweli. Tuliandika kuhusu sera ya afya bila kuketi hata mara moja na mtu anayeitunga. Kwa ada inayolipwa kwa kila kipindi, huo ni upungufu mkubwa, na wenzangu wa vyuo vingine wameniambia habari zinazofanana na hizo.

Mradi wa kuhitimu, unaochukua nafasi ya tasnifu, unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Wazo lake ni zuri sana: mwanafunzi atafute tatizo halisi hospitalini, alete suluhisho lenye ushahidi, alipime na aliache likifanya kazi. Wangu ulihusu makabidhiano ya mgonjwa kati ya thieta na chumba cha kuzindukia, mahali ambapo habari muhimu hupotea kwa urahisi, kama vile dawa ya maumivu iliyotolewa mwisho au ugumu uliotokea wakati wa kuweka mrija wa kupumulia. Tulitengeneza orodha fupi ya kusomwa kitandani kwa mgonjwa, na wauguzi wa zamu waliipokea vizuri. Hata hivyo, vyuo vingi huruhusu mradi uwe dodoso kabla ya somo fupi na dodoso lilelile baada yake, kwa watu wachache, kisha ripoti ikawekwa kwenye hifadhi ya chuo na hospitali ikaendelea kama ilivyokuwa. Mradi wa namna hiyo humaliza mihula kadhaa ya mwanafunzi na hausogezi chochote. Chuo kinachounganisha miradi, mwanafunzi wa mwaka huu akaendeleza alipoishia wa mwaka jana katika hospitali ileile, kinafaa kupewa alama za juu, na mwombaji akikipata asikiache kwa sababu ya jina kubwa la kingine.

Kuhusu fedha: si jambo la ajabu ada peke yake kupita dola 100,000, mbali na mshahara unaokosekana kwa miaka mitatu. Kwa upande wa pili, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilionyesha kwamba wastani wa mshahara wa muuguzi wa usingizi mwaka 2023 ulizidi dola 200,000, kwa hiyo deni hulipika kwa mtu mwenye nidhamu. Kinachotia wasiwasi sasa ni sheria ya mwaka 2025 inayofuta mikopo ya Grad PLUS, ile ya serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 na kuwawekea wanafunzi wa kawaida wa shahada za juu kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, huku shahada zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma zikipewa 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mapendekezo ya mwishoni mwa 2025 hayakuuweka uuguzi katika kundi hilo la pili. Yeyote anayeomba nafasi aijue hesabu hii kabla ya kuacha kazi.

Kwa waliokwisha kuhitimu kwa shahada ya uzamili, neno langu ni fupi. Hawalazimiki kurudi darasani, na mtihani wa taifa pamoja na mipaka ya kazi ni ile ile kwa wote. DNP ya mtandaoni ya baada ya uzamili ninaipendekeza kwa anayetaka kufundisha au kuongoza idara, na kwa wengine siipendekezi. Wauguzi tabibu (nurse practitioners) nao wako katika hali tofauti na sisi: AACN ilitaka mwaka 2004 uzamivu uwe kiwango chao ifikapo 2015, na chama cha walimu wao, NONPF, kikaweka lengo la 2025, lakini uzamili bado unatosha kuwapa cheti na leseni. Wakunga wauguzi pia hawajawekewa sharti hilo. Kwao kungoja mwajiri awalipie ni uamuzi wa busara.

Wapo wenzetu waliosomea usingizi nyumbani, kama wale waliofunzwa katika hospitali ya Kijabe nchini Kenya, ambao hufika Marekani wakiwa wamewalaza wagonjwa wengi katika mazingira magumu. Vyeti vyao havibadilishwi kuwa cheti cha CRNA, yaani cha muuguzi wa usingizi wa Marekani. Huanza kwa leseni ya uuguzi wa kawaida, hupita chumba cha wagonjwa mahututi, kisha huomba nafasi katika programu hii kama mtu mwingine yeyote. Naona mfumo huu unapoteza ujuzi wa thamani, na vyuo vingeweza angalau kuutambua kwenye usaili. Hadi hapo, ninawashauri waje na barua za wasimamizi wao pamoja na kumbukumbu kamili ya wagonjwa waliowahudumia, na waombe katika vyuo vinavyopeleka wanafunzi hospitali za mashambani, kwa kuwa huko ndiko wasimamizi wanakoutambua upesi mkono uliozoea kazi.