Korongo mwenye miguu ya heroe: tulivyolipia mchoro wa ukumbi wetu

Kama unafikiria kumwita msanii kutoka Kampala aje kuchora ukuta wa jumuiya yenu, muulize swali moja kabla hujatoa hata shilingi: korongo taji ana miguu ya rangi gani? Akikujibu "inategemea mandhari", funga mkoba wako.

Sisi wa Walukuba, hapa Jinja, tulichanga muda mrefu ili ukuta wa mbele wa ukumbi uchorwe ziwa, mafunjo na korongo. Si ombi gumu. Ndege huyu yuko kwenye bendera ya Uganda tangu 1962, yuko kwenye nembo ya taifa, timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Mtoto wa darasa la tatu anamchora kwa kaa la jikoni.

Siku ya kufunua turubai, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, yupo, akina mama wa sokoni wapo. Taji la dhahabu, sawa. Shavu jeupe, sawa. Kile kifuko chekundu cha kooni, sawa. Nashusha macho: miguu ya waridi! Ya heroe kabisa, imekunjwa kwa madaha. Jamani, korongo taji miguu yake ni myeusi. Anayetaka heroe aende Katwe, kwenye maziwa ya chumvi.

Nikamwambia kwa upole, kijana wangu, hii miguu tutaifanyaje? Hakuniangalia hata. Huku anafuta brashi yake, akanijibu mbele za watu: "Mama, mimi ni msanii, si fundi rangi. Nyinyi watu wa huku mnataka picha ya bendera tu." Ndiyo, tunataka! Tumeilipia! Mzee mmoja wa ukoo wa Ng'aali wa Buganda, ambao muziro wao, yaani alama ya ukoo, ndiye ndege huyo huyo, akasimama kuuliza ni nani aliyemvalisha babu yake soksi za bibi harusi. Watu wakacheka, msanii akanuna, akadai salio lake palepale.

Akapewa. Mwenyekiti aliogopa aibu, na mkataba ulisema "mandhari ya asili ya ziwa", basi, hakuna neno kuhusu miguu. Andikeni miguu! Andikeni midomo na kucha, na kwamba kasoro zitarekebishwa kabla ya malipo ya mwisho. Tena mdaini kwanza mchoro mdogo wenye rangi. Sisi alituletea wa penseli, na kwa penseli miguu yote ni myeusi.

Nyota moja, basi.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mafunjo yale! Alikwenda mwenyewe Masese, kando ya ziwa, akakata shina, akalipasua kwa wembe akatuonyesha lina pembe tatu, kisha akayachora hivyohivyo, kila shina na ubavu wake wenye kivuli. Jua la asubuhi likipiga ukuta utadhani yanatikisika. Hata magugu maji kayaweka na maua yake ya zambarau, na wavuvi wamekubali. Sasa mtu mwenye jicho la kuona pembe tatu kwenye funjo anashindwaje kuona mguu mweusi? Hapo ndipo hasira inaponirudi. Hakushindwa. Alitudharau.

Na ndege mwenyewe siku hizi humwoni ovyo. Vinamasi vinalimwa mpunga, na tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Kuna watoto hapa mtaani watakaomjulia ukutani tu, na watakua wakibisha kwamba miguu yake ni ya waridi.

Haya, nyota tatu: mbili za mafunjo, moja ya taji. Kazi ya ndani tunampa kijana wa hapa hapa anayeandika mabango ya maduka. Ameshakuja na kopo la rangi nyeusi kuuliza ngazi iko wapi. Wenzangu kwenye kamati wanasema tukiigusa ile miguu msanii atatushtaki. Ashtaki.