Kontena la Kampala likifika Naivasha: lori au reli ya zamani?

Treni ya mizigo ya SGR (reli mpya ya kisasa ya Kenya) ikitoka Mombasa na kufika bandari kavu ya Naivasha, pale Mai Mahiu, kontena la Uganda lina njia mbili: lipande lori, au lihamie reli ya zamani hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Ubora wa lori ni kwamba kontena halishushwi tena njiani. Linafika mlangoni kwa mwenye mzigo, Jinja au Kampala, na lori hilohilo laweza kurudisha kontena tupu. Ila foleni ya mpakani haikwepeki, na mafuta yakipanda, gharama nazo zinapanda.

Reli huvuta tani nyingi kwa mpigo mmoja. Tatizo ni upana wa njia: SGR ina milimita 1,435, ya zamani 1,000, kwa hiyo behewa haliwezi kuendelea. Lazima kreni iinue kontena na kuliweka kwenye behewa jingine, kisha lipite kipande cha kuunganisha hadi Longonot ndipo liingie njia ya Malaba. Behewa likikosekana, kontena linalala uwanjani huku ada zikihesabiwa (na hapo ndipo unafuu wote huyeyuka). Hata likifika mwisho wa reli, bado utatafuta lori, maana ni magodauni machache yenye reli mlangoni.

Kwa chuma au mbolea isiyo na haraka, ningechagua reli. Vipuri na bidhaa za dukani, lori. Mwenye kontena moja tu asijisumbue kuulizia behewa.