Osaka: ngome piga picha upite, tumbo lipeleke Shinsekai

Sisi watu wa spea pale Kampala Japani tunaijua kwa maboksi tu, na kwa zile taksi zetu ambazo mpaka leo zina maandishi ya Kijapani ubavuni na hakuna konda anayejua yanasema nini. Sasa mi na mwenzangu Hajji tulienda wenyewe kuangalia injini, kazi ikaisha mapema, tukabaki na siku nne za kuzurura Osaka, na watu wameniuliza habari zake mpaka nimechoka, acha niandike mara moja.

Uwanja wa ndege wa Kansai uko juu ya kisiwa walichojaza udongo wenyewe baharini, ulifunguliwa 1994. Spesho, teksi ya kukodi peke yako, sahau, itakumaliza. Panda treni ya Nankai mpaka kituo kinaitwa Namba, kama dakika 45 hivi, na haifiki yeni 1,000. Ukifika kwenye eskaleta simama kulia, kushoto waachie wenye haraka. Eti Tokyo ni kinyume, wanasimama kushoto, sijui nani alianza ubishi huo.

Ngome ya Osaka ndo kila mtu anakwambia nenda. Ni nzuri kwa nje, sikatai, na bustani yake ni pana. Lakini ile ya Toyotomi Hideyoshi aliyoanza kujenga 1583 haipo tena, hii unayoiona ni ya zege, 1931, ndani kuna lifti na makumbusho, Hajji akaniuliza "sasa ssebo tumelipa kupanda lifti?" nikakosa jibu. Mimi kilichoniacha mdomo wazi ni kuta. Kuna jiwe moja pale wanaliita jiwe la pweza, wanakadiria tani 108, na walilileta wakati hakuna hata lori. Kuta unaziangalia bure, kwa hiyo zunguka nje, piga picha, ondoka njaa ikianza.

Maana Osaka ni mji wa kula. Wenyewe wana neno, kuidaore, yaani mtu anakula mpaka anafilisika, na wanalisema kwa kujisifu kabisa.

Mtaa wa Dotonbori usiku ni mataa tupu, bango la mkimbiaji wa Glico, kampuni ya peremende, liko pale juu ya mto (la kwanza liliwekwa 1935), kila mtu ananyanyua mikono apigwe picha kama yeye, na sisi tulinyanyua. Chakula cha hapo lakini bei iko juu na foleni haiishi. Tena tuliingia kibaa kimoja kichochoroni, tukaletewa kibakuli cha mboga ambacho hatujaagiza, tukala tukijua ni ukarimu, kumbe kipo kwenye bili, ni kama ada ya kukaa. Ndo kawaida ya baa zao nyingi, uliza kabla hujakaa.

Cha kula pale ni takoyaki. Fikiria vitumbua, karai lile lile la matundu, ila ndani kuna kipande cha pweza na juu sosi nyeusi na mayonesi na samaki mkavu aliyeparuzwa mwembamba mpaka mvuke unamchezesha, Hajji alirudi nyuma akidhani kiko hai. Sisi watu wa ngege na mputa, samaki wa ziwani, pweza tunamwona kwenye simu tu, lakini wee, ni tamu! Vinane tulilipa yeni 600, kama shilingi 15,000 za Uganda. Usitupie kizima mdomoni, nje kimepoa ndani ni uji unaochemka, mi ulimi ulibabuka siku mbili.

Okonomiyaki nayo ni kabeji, unga na mayai, inakaangwa kwenye bati la moto mbele yako. Mtu wa Wandegeya kule Kampala akiiona atasema hii ni rolex, ile chapati yetu ya mayai, iliyokosa mtu wa kuikunja. Ya kawaida inakuwa na nguruwe juu, kwa hiyo kama ni Mwislamu usiagize kwa picha, tumia simu ikutafsirie.

Sasa Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku. Hapo ndo nilirudi mara tatu. Mtaa umechakaa kidogo, wazee wanakunywa toka mchana, unakaa kaunta unaletewa kushikatsu, vijiti vya nyama, kamba, mayai ya kware, hata mizizi, vyote vimekaangwa na chenga za mkate. Sheria ni moja tu: kwenye bakuli la sosi la wote kijiti kinachovya mara moja, ukishang'ata hurudishi, ukitaka sosi zaidi unachota na kipande cha kabeji. Sehemu nyingi siku hizi wameweka chupa, ila onyo bado liko ukutani. Nilikula nikashiba na bia juu kwa hela niliyoacha kule Dotonbori kwenye vijisahani viwili.

Kwa Hajji haikuwa hivyo, mafuta wanayokaangia nguruwe ndo hayo hayo ya kukaangia kamba, alikaa nje na onigiri zake za samaki kutoka dukani, wali wa pembetatu, bei poa, akininunia. Tulimalizia na rameni halali, tambi za mchuzi, hapo Namba akatulia.

Tangu turudi amempelekea fundi wa Katwe picha ya lile karai la matundu. Pweza hatuna, anasema ataweka mukene, dagaa wetu.