Nyumba ya Kupanga Mwambaoni, Kaskazini mwa Kibirizi: Maoni ya Mpangaji

Nyumba ninayoizungumzia ipo katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya Kibirizi, zinakopakia boti za Kigoma mjini, na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mahali ambapo gari halifiki na kila mzigo, kuanzia mfuko wa saruji hadi godoro, hushushwa kutoka kwenye boti. Niliipanga mwaka 2024, masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, nikakaa hadi mvua zilipoanza tena, nikiwa na kazi ya kuhariri vitabu vya shule ambayo ilihitaji utulivu kuliko ule unaopatikana Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Jina lake na la kijiji sitayataja, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanaihusu nyumba yoyote ya aina hiyo katika upande huu wa ziwa.

Kinachowavuta watu ni baraza, na baraza lenyewe halidanganyi. Linatazama magharibi, ziwa lote likiwa mbele yako, na jua huzama nyuma ya milima ya Kongo kwa namna ambayo mtu aliyezoea kuona ukuta wa jirani hawezi kuichoka upesi. Hatua chache kutoka ufukweni maji hugeuka ghafla kuwa buluu iliyokolea, jambo lisilomshangaza anayejua kwamba kina cha ziwa hili hufikia takriban mita 1,470 na kwamba duniani kote linazidiwa na Baikal peke yake. Hata hivyo, anayepanga nyumba kwa kuvutiwa na picha aulize picha hizo zilipigwa mwezi gani. Milima ya Kongo huonekana vizuri mvua inapokuwa imeisafisha hewa. Ifikapo Agosti, moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa pamoja na vumbi la kiangazi huifunika kabisa, na unabaki ukitazama ukungu wa kijivu unaoanza pale maji yanapokoma kuonekana. Mimi niliiona milima hiyo majuma ya mwanzo, kisha nikaisubiri kiangazi kizima.

Jambo ambalo tangazo la nyumba halikulieleza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya idadi ya vyumba, ni ratiba ya boti. Boti za abiria ni za mbao, ndefu, zenye injini ya kupachika nyuma. Hushuka mjini alfajiri na kuondoka Kibirizi karibu na adhuhuri zikiwa zimejaa, na Jumapili hazisafiri. Maana yake ni kwamba shughuli zote za mjini, iwe benki, stakabadhi ya ofisi au dawa ya mwezi, unatakiwa uzimalize katika saa chache za asubuhi, na foleni moja tu ikikwama unalala mjini kwa gharama yako. Ukichelewa siku ya Jumamosi, utarudi nyumbani Jumatatu. Nauli ni ya kawaida na hakuna anayeilalamikia. Kukodi boti nzima ni habari nyingine, kwa kuwa unalipia petroli ya kwenda na kurudi peke yako, na safari moja ya namna hiyo inaweza kumeza sehemu kubwa ya kodi ya mwezi. Katika miezi ya upepo wa kusini, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, mawimbi huweza kuichelewesha safari au kuiahirisha, na si busara kumshinikiza nahodha aliyekataa kung'oa nanga. Mzee anayeilinda nyumba, ambaye aliniita mwalimu kwa sababu ya vitabu, nilimuuliza siku moja boti ingefika saa ngapi, akanijibu kwa upole: «Mwalimu, ukiiona inazunguka ule mwamba, ndiyo imefika.» Baada ya muda niliacha kuuliza. Ushauri wangu kwa msafiri ni kununua jaketi okozi lake mwenyewe mjini na kulivaa, kwa kuwa yale niliyoyakuta kwenye boti yalikuwa machache kuliko abiria.

Kuhusu chakula, ningependa kuandika kwa uchangamfu zaidi, lakini nilifika katika mwaka mgumu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane, hatua ambayo naiona kuwa ya lazima kwa ziwa ambalo nchi nne zinalivua, ila kwa mkazi wa kijiji kinachoishi kwa dagaa ilimaanisha miezi mitatu ya mifuko mitupu. Mpangaji mwenye mshahara unaotoka mbali hupungukiwa na kitoweo tu. Jirani yake hupungukiwa na ada ya shule, na ni vigumu kulifurahia baraza lako huku ukijua hilo. Uvuvi ulipofunguliwa, ziwa la usiku lilibadilika kabisa: taa za mitumbwi ya dagaa zilitanda hadi mbali, ukadhani kuna mji umehamia majini. Taa hizo huwashwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiangaza dagaa hawaufuati mwanga wa taa, hivyo hata mboga yako ya jikoni hufuata kalenda ya mwezi. Migebuka wabichi waliopikwa kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo ni sababu tosha ya kuvumilia mengi. Nyanya, vitunguu na matunda, kwa upande mwingine, hutoka mjini au hushuka vichwani mwa akina mama kutoka vijiji vya milimani, na siku ambazo havikufika hupati kwa bei yoyote.

Afya inahitaji kuzungumzwa bila kuficha. Kigoma imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na madirisha ya nyumba hii yalikuwa na nyavu zilizochakaa. Nilizibadilisha kwa fedha yangu na kulala ndani ya chandarua hata usiku wa joto. Maji ya ziwa yanayoonekana safi kama ya chupa yana kichocho katika sehemu zenye kina kifupi, majani na konokono, kwa hiyo anayeoga au kufua humo kila siku ajue kwamba huenda akahitaji vipimo na tiba baadaye. Maji ya bomba la mserereko kutoka kwenye kijito cha mlimani yalinitosha, ingawa mvua kubwa ikinyesha hugeuka rangi na lazima yatulizwe na kuchemshwa. Kijijini kuna zahanati, na homa yangu ya Julai ilipimwa na kutibiwa hapo vizuri. Mjamzito anayehitaji upasuaji, au mzee mwenye moyo dhaifu, anategemea boti, petroli na hali ya ziwa usiku huo ili afike Hospitali ya Maweni, na kwa sababu hiyo peke yake nisingemshauri mtu wa namna hiyo aipange nyumba hii hata angepewa bure.

Nyumba yenyewe haina mambo mengi. Vyumba vitatu, kuta za tofali, bati lisilo na dari katika chumba kimoja, choo safi cha nje. Sola iliyotajwa kwenye tangazo ilikuwapo, lakini betri ilikuwa imechoka na haikuweza kuiendesha kompyuta baada ya saa mbili usiku, basi kazi nikaihamishia mchana. Simu hushika vizuri ufukweni na kwa kusuasua ndani, kwa sababu milima imeukinga mnara. Mara kadhaa yangu ilidaka mtandao wa Burundi bila kuniuliza, na salio likayeyuka. Uchaguzi wa mtandao uufanye mwenyewe kwenye mipangilio ya simu kabla hujaanza kushangaa.

Jambo zito zaidi kuliko betri ni mahali nyumba ilipojengwa. Maji ya ziwa yalikuwa juu mwaka huo, na ngazi za chini za bustani, ambazo kwenye picha zilishuka hadi kwenye mchanga, nilizikuta zimo majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwa macho yangu nyumba hii haifikishi umbali huo. Mpangaji wa miezi michache anaweza kulipuuza jambo hilo. Anayefikiria kununua kiwanja jirani na kujenga, kama wengine walivyoanza kufanya, atakuwa anaweka akiba yake kwenye ukingo unaohama. Upande wa mlimani nao una hatari yake, kwa kuwa miteremko iliyolimwa hadi juu humomonyoka mvua zinapokuwa nyingi.

Kwa nani, basi, inafaa? Inamfaa mtu mwenye afya, asiye na mtoto wa shule ya sekondari, ambaye kazi yake haina saa na ambaye anapenda watu, maana upweke ambao wageni huufuata mwambaoni haupo: watoto huingia barazani, majirani huuliza ulikolala usipoonekana siku mbili, na kukataa kualikwa ni kosa. Mimi hilo lilinifurahisha kuliko machweo. Anayetaka machweo hayo hayo na daktari wa karibu atafute nyumba Bangwe au Katonga, ambako ziwa ni lile lile na gari linafika. Anayetaka umbali wa kweli aende kusini kuelekea Mahale, lakini kwanza akumbuke kwamba MV Liemba, meli ya mwaka 1913 iliyowahudumia watu wa huko kwa vizazi kadhaa, mwaka huo wa 2024 ilikuwa nje ya kazi kwa ajili ya matengenezo, na boti za mbao ndizo zilizokuwa zimebaki.

Nilipoondoka mwenye nyumba aliniambia angebadilisha betri. Atakayeipanga baada yangu aombe hilo liandikwe kwenye mkataba pamoja na nyavu za madirisha, alipe miezi mitatu badala ya sita, na kama anaweza kuchagua, aanze Januari, ili apate mvua, milima na dagaa kabla upepo haujaanza.